Watoto Wakirudi Nyumbani Desemba

Ikifika katikati ya mwezi wa Desemba, stendi ya mabasi ya Moshi hujaa watu. Mabasi yanafika kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Tanga. Mengine hayaishii Moshi. Yanapanda mpaka Machame, Marangu na Rombo. Watu wanashuka na mabegi, magunia na ndoo. Watoto wadogo wamelala mabegani mwa mama zao. Hawa ni Wachagga wanaofanya kazi mbali. Wanarudi nyumbani kwa sikukuu ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Wewe msomaji, pengine una mtoto au ndugu anayekaa mjini. Pengine hukai Kilimanjaro. Hata hivyo jambo hili linakuhusu, kwa sababu karibu kila kijiji kina watu waliokwenda mbali kutafuta maisha. Katika somo hili tutawatazama Wachagga, maana desturi yao ya kurudi nyumbani Desemba inajulikana nchi nzima. Tutaona wanavyosafiri, wanavyoishi siku hizo chache, na wanavyotembeleana. Kisha tutaona jambo moja ambalo familia nyingi husahau kulifanya, mpaka wageni wamekwisha kuondoka.

1. Kwa nini wanarudi

Nyumbani kwa Mchagga ni kwenye kihamba. Kihamba ni shamba la ukoo lililo mlimani, pamoja na nyumba. Ndani yake mna migomba, kahawa, miti ya kivuli, na zizi la ng'ombe na mbuzi. Mara nyingi makaburi ya wazee yamo humo humo. Baba alikipata kihamba kutoka kwa babu, na babu alikipata kutoka kwa wazee wake.

Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kukaa Dar es Salaam miaka 30, lakini akiulizwa kwao ni wapi, atataja kijiji chake cha mlimani. Mtoto aliyezaliwa mjini naye ataambiwa: "Kwenu ni kule." Kama haletwi, atakujuaje? Atamjuaje bibi yake? Atajuaje kwamba yule kijana wa mtaa wa pili ni ndugu yake, wala hawezi kumwoa?

Kuna sababu nyingine. Vihamba vingi sasa ni vidogo sana, kwa kuwa vimegawanywa kizazi baada ya kizazi. Havitoshi kuwalisha watoto wote. Ndiyo maana vijana wengi walitoka, wakaenda kufanya biashara na kazi za mshahara. Walitoka kwa sababu ya ardhi kuwa ndogo, na wanarudi kwa sababu ardhi hiyo hiyo ni kwao.

2. Safari

Kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi ni kiasi cha kilometa 550. Basi hupita Chalinze, Korogwe, Same na Mwanga. Likifika Himo, wanaokwenda Marangu na Rombo hukata kulia. Wanaokwenda Moshi mjini huendelea mbele. Mwaka 2019, mwezi wa Desemba, treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Watu wengi walifurahi.

Mwezi wa Desemba wasafiri ni wengi, na nafasi ni chache. Mwambie mtoto wako mapema:

Akate tiketi mapema, tena kwenye ofisi ya basi. Asimpe fedha mtu anayemkuta njiani.

Aulize nauli halali. Nauli za mabasi hupangwa na serikali kwa njia ya LATRA. Tiketi iandikwe kiasi kile kile alicholipa.

Kama anakuja na gari lake, asiendeshe usiku kucha akiwa amechoka. Mama anayengoja nyumbani anataka kumwona mtoto. Saa ya kufika si kitu.

3. Siku ya kwanza

Mgeni akifika, mizigo hushushwa, na maji ya kunawa huletwa. Wazazi husalimiwa kwanza. Wajukuu husimama mbele ya bibi na babu, nao huambiwa wanafanana na nani. Kisha huletwa mtori wa moto. Mtori ni supu nzito ya ndizi na nyama, na humrudishia nguvu mtu aliyechoka.

Wageni nao huleta vitu: sukari, majani ya chai, mchele, sabuni, khanga ya bibi, blanketi la babu. Zawadi hizi ni nzuri. Lakini wewe mzazi, usimpime mtoto kwa ukubwa wa begi lake. Wako watoto ambao mwaka huo hawakupata kitu. Wengine huona haya kuja mikono mitupu, basi hawaji kabisa. Mwaka unapita, wa pili unapita, na mtoto anapotea. Mpelekee habari mapema, umwambie: "Njoo hata kama huna kitu." Maneno hayo yamewarudisha wengi.

4. Kazi za kila siku

Likizo si siku za kukaa tu. Asubuhi ng'ombe hungoja majani. Wachagga wengi hufuga ng'ombe zizini, kwa sababu nafasi ya kuchungia haipo. Majani hukatwa na kubebwa, mara nyingi kutoka mbali, na mara nyingi kazi hiyo ni ya mama. Migomba lazima ipunguzwe majani makavu na kutiwa samadi. Kahawa lazima ipogolewe. Mifereji ya maji lazima izibuliwe.

Mtoto aliyetoka mjini apewe kazi. Usimfanye mgeni wa kuketi kivulini siku kumi, huku mama yake mzee anabeba mzigo wa majani kichwani. Yeye mwenyewe hapendi hivyo. Akibeba mzigo huo siku moja tu, ataelewa mambo ambayo hukumweleza kwenye simu. Ataona njia inavyoteleza. Ataona paa linavuja wapi. Ataona kwamba mama anapumzika mara tatu kabla ya kufika nyumbani, wakati mwaka jana alipumzika mara moja.

Hapo ndipo jambo la afya linapojitokeza. Wazee wengi huficha ugonjwa ili wasiharibu furaha ya sikukuu. Usifiche. Kama kichwa kinakuuma kila siku, kama macho hayaoni vizuri, kama miguu inavimba, sema wakati watoto wapo. Waende nawe zahanati au hospitali. Dawa zako waonyeshe, nao waandike majina yake.

Wajukuu nao wafundishwe. Waonyeshwe ndizi za kupika na ndizi za kuiva. Wasemeshwe Kichagga, hata kama wanajibu kwa Kiswahili. Waonyeshwe makaburi ya wazee, na waambiwe kila aliyelala hapo alikuwa nani.

5. Kutembelea ndugu

Siku zinazofuata ni za kutembeleana. Watu huzipanda na kuzishuka njia za vijijini wamevaa nguo nzuri, wakiwa na watoto mbele. Kuna utaratibu wake.

Kwanza wanatembelewa wakubwa: baba mkubwa, baba mdogo, shangazi na mjomba. Usingoje mkubwa akufuate wewe mdogo.

Pili wanatembelewa wagonjwa, na wale waliofiwa katika mwaka huo. Kama hukuweza kuja mazikoni, huu ndio wakati wa kwenda kutoa pole. Msiba hausahauliki. Waliofiwa wanakumbuka nani alikuja na nani hakuja.

Tatu wanatembelewa wakwe. Mke naye ana kwao. Si haki mke kukaa siku zote kwa mume, akipika na kuosha vyombo vya watu 20, na kwa wazazi wake akaenda saa moja tu, tena jioni ya kuondoka. Siku zigawanywe kabla ya safari.

Nne wanatembelewa majirani. Hao ndio waliomkimbilia mama yako usiku alipougua. Wewe ulikuwa mbali.

Ukitembelea, usikae sana kama wenyeji wana kazi. Usijisifu kwa mali. Usiulize mbele za watu kwa nini kijana fulani hajaoa au hana kazi. Sikiliza zaidi kuliko kusema.

6. Chakula na pombe

Sikukuu ina vyakula vyake. Kuna machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama. Kuna kiburu, yaani ndizi na maharage. Mbuzi huchinjwa, na nyama hugawanywa kwa desturi, maana kila sehemu ya mnyama ina mwenyewe. Mzee ana sehemu yake, shangazi ana yake, wakwe wana yao. Kugawa nyama ni kusema kwa vitendo kwamba kila mmoja anajulikana mahali pake katika ukoo.

Kuna pia mbege. Pombe hii hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi, na hutiwa maganda ya mti wa msesewe ili iwe na uchungu kidogo. Kuiandaa huchukua siku kadhaa. Wazee huinywa wakizungumza mambo ya ukoo.

Lakini angalia. Fedha nyingi za Desemba huishia kwenye pombe na nyama. Januari ikija, watoto wanahitaji sare, viatu na madaftari. Na njia za mlimani zina kona kali na miteremko. Mtu aliyekunywa asishike usukani.

7. Familia iliyosema "kesho"

Sasa tutazame lile jambo ambalo familia nyingi husahau. Tuchukue mfano wa familia moja.

Mzee mmoja alikuwa na mke na watoto watatu. Mwana wa kwanza alikuwa fundi Dar es Salaam. Binti wa pili alirudi kijijini kuwatunza wazazi. Kitinda mimba alikuwa dereva Arusha.

Siku moja mzee alimwambia binti: "Wewe ndiye unayetutunza. Jenga pale chini, penye mparachichi." Siku nyingine alimwambia mwana wa kwanza kwenye simu: "Sehemu ya chini ni yako, njoo ujenge." Hakukusudia kumdanganya mtu. Alikuwa mzee, alisahau.

Kila Desemba watoto walikuja. Walikula, walicheka, walitembelea ndugu. Kila mwaka mama alisema: "Tuzungumze habari ya kihamba wakati wote wapo." Na kila mwaka mzee alijibu: "Tutazungumza kesho." Kesho ilifika, na watu wakapanda basi.

Mwezi wa Aprili, wakati wa masika, mzee alifariki. Kabla matanga hayajaisha, ndugu wakagombana. Mwana wa kwanza alisema, "Baba alinipa." Binti alisema, "Alinipa mimi." Wote wawili walisema kweli. Hakukuwa na karatasi wala shahidi.

Mwana wa kwanza akaondoka bila kuaga. Desemba ile hakuja. Desemba iliyofuata hakuja. Mama alipika mtori, akaweka bakuli lake mezani, likapoa.

Mwaka wa tatu mama alimpigia simu mwenyewe. Alimwambia, "Sikuiti kwa ajili ya shamba. Nakuita uje unione ningali hai." Akaja.

Baba mdogo aliwakusanya wote nyumbani. Mwana wa kwanza alichuma jani la isale. Kwa Wachagga, isale ni mmea wa amani. Anayeomba msamaha humpa jani hilo yule aliyemkosea, na si rahisi kulikataa. Alimpa dada yake kwa mikono miwili. Dada akalipokea. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Kisha wakazungumza. Wakakubaliana kwamba binti apate sehemu ya chini, kuanzia mparachichi mpaka njia. Mwana wa kwanza apate sehemu ya juu, penye kahawa. Kitinda mimba apate nyumba ya wazazi, kama desturi ya Wachagga wengi ilivyo. Mjukuu mmoja aliandika yote katika daftari.

Mama alikuwa amejiunga na darasa la watu wazima mwaka uliotangulia. Akasema, "Nipeni nisome." Akasoma polepole, akifuata kila neno kwa kidole. Watoto walingoja. Alipomaliza, aliuliza: "Mimi nimeandikwa wapi?"

Wakatazamana. Nyumba ilikuwa imeandikwa kuwa ya kitinda mimba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mama atakaa humo. Hawakukusudia ubaya. Walisahau tu, kama baba yao alivyosahau. Basi wakaongeza mstari mmoja: "Mama atakaa katika nyumba hii na kula matunda ya kihamba hiki maisha yake yote, wala hakuna wa kumwondoa." Mama akasoma tena. Kisha akaandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Hakutumia dole gumba.

8. Namna ya kufanya kikao cha familia

Nawe unaweza kufanya kikao kama hicho. Fuata hatua hizi:

Kwanza, chagua siku mapema. Siku nzuri ni ile ya katikati ya likizo. Usingoje siku ya mwisho. Chagua asubuhi, kabla ya pombe.

Pili, waite wote wanaohusika, wanaume na wanawake. Usimwache binti nje ya kikao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawasawa na mwanamume.

Tatu, waite mashahidi: mzee wa ukoo, jirani mnayepakana naye, na kiongozi wa kitongoji.

Nne, tembeeni wote mpaka kwenye mipaka. Mwone kwa macho isale au jiwe lililowekwa. Mpaka wa kusimuliwa huleta ugomvi.

Tano, andikeni. Andikeni tarehe, majina ya waliohudhuria, na kila jambo mlilokubaliana. Tumieni maneno mepesi. Msomewe wote kwa sauti. Anayejua kusoma asome mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Kila mmoja apate nakala.

Sita, pelekeni habari kwenye ofisi ya kijiji. Daftari la familia ni ushahidi mzuri, lakini si hati. Ulizeni kwa mtendaji wa kijiji namna ya kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Kama kuna ugomvi, nendeni kwanza kwenye baraza la ardhi la kijiji, ambalo kazi yake ni kupatanisha.

Katika kikao hicho hicho mnaweza kupanga mambo mengine. Nani atatuma fedha za dawa za bibi? Nani atalipa fundi wa paa? Nani atakuja Pasaka, ili wazee wasikae mwaka mzima bila mgeni? Andikeni na hayo.

9. Siku ya kuondoka

Siku za likizo huisha haraka. Alfajiri ya kuondoka, mama huamka mapema kuliko wote. Mkungu wa ndizi umekwisha kukatwa. Hufungwa pamoja na maparachichi, maharage na unga. Begi lililokuja na sukari huondoka na ndizi. Mtoto atakula chakula cha kwao hata akiwa Dar es Salaam.

Basi huondoka, na nyumba hunyamaza. Ng'ombe wanadai majani kama kawaida. Ni siku ngumu kwa mzazi. Lakini kama mliketi na kuzungumza, kama mgonjwa alipelekwa hospitali, kama waliogombana walisameheana, na kama makubaliano yamo ndani ya daftari, basi likizo hiyo imefanya kazi yake. Chukua daftari hilo uliweke pakavu. Kila baada ya muda litoe, ulisome.

Desemba nyingine itakuja. Lakini hatujui nani atakuwapo. Lililo la kuzungumza, lizungumzwe mwaka huu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika kijiji chako, watu wanaokaa mbali hurudi nyumbani wakati gani?

2. Kwa nini baadhi ya watoto hawarudi? Mzazi anaweza kufanya nini?

3. Katika mfano tuliosoma, ndugu wote wawili walisema kweli. Kosa lilikuwa wapi?

4. Mama aligundua nini aliposoma daftari? Kama asingejua kusoma, ingekuwaje?

Kazi ya kuandika

Mwandikie barua fupi mtoto au ndugu yako aliye mbali. Mwambie siku unayotaka aje, na mambo matatu mtakayozungumza akija.